Mkwaruzo Hauoti: Kutambua Makosa ya Kiwandani Kwenye Sarafu Zilizo Mkononi

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Tabora mbele ya wanafunzi wa sekondari, walimu wao na wazazi. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.

Mwangaluka! Wazee wangu, shikamooni. Walimu, poleni na kazi. Na ninyi wadogo zangu mlioketi sakafuni kwa sababu viti vimeisha, hamjambo?

Kabla sijaendelea naomba kila mtu atoe sarafu moja. Mwenye jero ashike jero, mwenye mia mbili ashike mia mbili. Asiye na kitu aazime kwa jirani, ila airudishe. Haya, fumbeni macho. Pitisha ukucha wa kidole gumba taratibu juu ya uso wa sarafu. Unausikia ukucha unavyopanda herufi, unashuka, unapanda tena kwenye shavu la mzee aliyechorwa pale? Shikeni hisia hiyo, maana karibu yote nitakayosema leo yanatoka kwenye ukucha huo.

Mume wangu alikuwa na daladala moja kule Mwanza, na kwa miaka 11 konda alipoleta hesabu usiku, mimi ndiye niliyeipokea. Noti zilikuwa kazi ya dakika tano. Sarafu zilikuja ndani ya soksi nene iliyofungwa fundo, nazimwaga kwenye sinia, nazipanga kumikumi. Usiku mmoja nikakuta mia mbili yenye mstari mwembamba, mwembamba kama unywele, umeanzia ukingoni ukaenda kuishia kwenye mgongo wa simba. Nikadhani mtu kaikwaruza kwa msumari. Nikapitisha ukucha nijue mkwaruzo umeingia kiasi gani. Ukucha haukuingia, ulipanda. Mstari ule ulikuwa umesimama juu ya sarafu kama mshipa kwenye mkono wa mzee.

Nilikaa na ile sarafu mpaka taa ya chemli ikaanza kufifia. Nimesugua masufuria tangu nikiwa mtoto, najua mikwaruzo. Mkwaruzo huchimba, hauoti. Ni msumari gani unaoweza kuongeza chuma mahali ambapo chuma hakikuwepo? Nikaitoa kwenye fungu, nikaweka nyingine ya kwangu mahali pake, na tangu siku ile sijawahi kuhesabu chenji bila kuitazama.

Jibu nililipata nilipojifunza sarafu inavyozaliwa. Utepe mrefu wa metali unapita chini ya mashine inayokata visahani vya duara, kama mnavyokata biskuti kwa mdomo wa glasi. Visahani vinapashwa moto ili vilainike, vinaoshwa, kisha vinapita kwenye mashine nyingine inayovibana ubavuni mpaka ukingo unainuka kidogo. Ndipo kila kisahani kinawekwa katikati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja chini na mmoja juu, kikiwa kimezungukwa na pete inayozuia metali isitawanyike. Muhuri wa juu unashuka kwa uzito wa tani nyingi. Pigo moja tu, na pande zote mbili zimechapwa kwa wakati mmoja. Pete ikiwa na meno, ubavu wa sarafu nao unatoka na meno. Mashine za siku hizi zinapiga mamia ya sarafu kwa dakika moja, kwa hiyo kosa likianza, mpaka mtu aje alione sarafu nyingi zimeshatoka nalo.

Sasa sikilizeni hapa vizuri. Muhuri umechongwa kinyume cha sarafu. Pua iliyoinuka kwenye sarafu ni shimo kwenye muhuri. Muhuri nao ni chuma, unachoka. Ukipata ufa, metali laini ya kisahani inaingia ndani ya ule ufa wakati wa pigo, na ikitoka inakuwa mstari uliosimama. Huo ndio ulikuwa mshipa wa mia mbili yangu, yaani ufa wa muhuri. Ufa ukiendelea kukua mpaka kipande cha muhuri kimeguke ukingoni, sarafu zinazofuata zinatoka na uvimbe laini pembeni, hauna herufi wala picha, na upande wa pili mahali palepale mchoro unakuwa hafifu, kwa sababu metali iliyotakiwa kuujaza imekimbilia kwenye uvimbe.

Kinyume chake pia hutokea. Muhuri ukijaa grisi na vumbi, lile shimo la herufi linazibika, na herufi haitoki. Mwaka 2005 Wamarekani walipiga robo dola ya jimbo la Kansas. Kwenye sarafu zao huwa kuna maneno ya kumtumaini Mungu, «IN GOD WE TRUST». Baadhi ya robo zile zilitoka bila herufi T mwanzoni mwa neno la mwisho kwa sababu ya grisi, zikasomeka «IN GOD WE RUST», na «rust» kwa Kiingereza ni kutu. Hakuna aliyekusudia.

Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza, ambayo konda yeyote anaweza kuitumia gizani, ni kwamba metali iliyoongezeka mahali pasipotakiwa kwa kawaida imetoka kiwandani, na metali iliyochimbwa kwa kawaida imechimbwa huku mtaani. Nasema kwa kawaida kwa sababu kuna uzi. Uzi, au kipande cha waya, au unyoya wa kitambaa ukidondoka juu ya kisahani kabla ya pigo, utaacha alama iliyozama. Utaitofautishaje na mkwaruzo? Tazama midomo ya ule mfereji kwa lenzi. Mkwaruzo unasukuma metali pembeni, unaacha vijituta vyenye ncha kama udongo uliotupwa na jembe kandokando ya tuta. Alama ya uzi haina vijituta. Kingo zake ni tulivu, na wakati mwingine unaona hata msokoto wa uzi wenyewe.

Niwaambie sasa kwa nini nilipoalikwa kuja Tabora sikusita hata kidogo. Wengi wenu mnapita kila siku jirani na reli bila kujua kwamba hapa pamewahi kuwa na kiwanda cha sarafu.

Rupia na heller, yaani senti zake, za koloni la Wajerumani zilikuwa zikipigwa Ujerumani, na ukizitazama nyingi utaona herufi A ya kiwanda cha Berlin au J ya Hamburg. Vita ilipoanza mwaka 1914 manowari za Waingereza zikafunga pwani yetu. Fedha za chuma zikaadimika, noti za dharura zikachapwa humuhumu nchini, na watu, hasa askari na wapagazi, hawakuzipenda noti hizo. Mtu ametembea na mzigo kichwani mchana kutwa, unampa karatasi? Mwaka 1916, utawala ukiwa umeshahamia huku bara, karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kiwanda cha sarafu. Zikapigwa heller 5 za shaba ya njano, heller 20 za shaba ya njano na nyingine za shaba nyekundu, na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, dhahabu yake ikitoka mgodi wa Sekenke kule Singida. Zote zina herufi T, nayo ni Tabora. Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yakaingia mjini, na huo ukawa mwisho wa kazi ile.

Ninayo hapa heller 20 ya Tabora. Ilikuwa ya mama mkwe wangu, Mnyamwezi wa Urambo, aliyeitunza kwenye mkebe wa vifungo. Mtaiona baadaye, ila nitawaeleza nilichokiona mimi. Upande mmoja una taji, herufi D.O.A. (kifupi cha Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Wajerumani), mwaka 1916 na ile T. Upande wa pili una neno HELLER na shada la majani. Tazama L mbili za katikati. Kwenye hii ya kwangu L ya pili ina ncha iliyojipinda kama mkia wa mjusi. Kuna heller nyingine za mwaka huohuo, za karakana hiyohiyo, ambazo ncha za L zimechongoka, hazijajipinda. Na kuna nyingine L zote mbili zimejipinda. Taji nalo lipo kubwa na lipo dogo.

Je, hayo ni makosa? Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Mihuri ya Tabora ilitengenezwa kwa shida ya vita, kila mmoja ukawa na mkono wake. L iliyojipinda ilichongwa hivyo na fundi, na muhuri ukaipiga hivyo kwa uaminifu kwenye kila sarafu. Hiyo tunaiita tofauti ya muhuri. Kosa ni lile ambalo fundi hakulichonga. Kwenye heller yangu, ukiinamisha sarafu kuelekea dirishani, utaona mstari uliosimama unakatiza shada upande wa kushoto. Ule ni ufa, na walikuwa na haja gani ya kuubadilisha muhuri wenye ufa, adui akiwa njiani na muhuri mwingine haupo? Waliendelea kugonga. Ukiishika sarafu ile unashika haraka yao. Sijui namna nyingine ya kulisema jambo hili, lakini kila ninapoutazama mstari ule nasikia nyundo.

Nina ombi kwa vijana wanaochimba mashimo usiku kutafuta rupia za Mjerumani. Kabla ya kuangusha mti au kubomoa ukuta wa msingi wa nyumba ya zamani, ulizeni bibi zenu wana nini kwenye mikebe ya vifungo.

Tuje kwenye kosa ambalo ni rahisi kuliko yote kuliona, sarafu iliyomegwa. Nimeeleza kwamba visahani vinakatwa kutoka kwenye utepe. Utepe usiposogea vya kutosha, mkato mpya unapanda juu ya tundu la mkato uliotangulia, na kisahani kinatoka kimeng'atwa kama mwezi wa tarehe za mwisho. Sarafu ya namna hii ni ya kweli, na ipo duniani kote. Shida ni kwamba tupa ya fundi baiskeli inaweza kutengeneza umbo hilohilo kwa dakika kumi. Kwa hiyo usitazame mng'ato. Tazama upande unaoelekeana nao, ng'ambo ya pili ya sarafu. Ile mashine ya kuinua ukingo hubana kisahani kutoka pande mbili zinazokabiliana. Pale penye pengo hakuna cha kubana, basi na ng'ambo yake nguvu inapungua, ukingo unakuwa hafifu au haupo kabisa. Wakusanyaji wanaiita athari ya Blakesley. Mwenye tupa hajui jambo hilo, akimega upande huu, ng'ambo kule ukingo unabaki mzima na imara, na umeshamkamata.

Kuna ushahidi mwingine kwa sarafu zetu za leo. Jero ni chuma cha pua? Hapana, ni chuma cha kawaida kilichopakwa nikeli, ndiyo maana inanasa kwenye sumaku. Visahani vya aina hiyo hukatwa kwanza, kisha hupakwa. Kwa hiyo kisahani kilichomegwa kiwandani kinapakwa nikeli mpaka ndani ya kidonda chake. Sarafu iliyomegwa mtaani inaonyesha chuma kitupu, na kwa mvua za huku, baada ya wiki chache ina kutu.

Na mtaa unafanya mengi. Nimeona sarafu zilizolazwa juu ya reli zikawa pana kama sahani ya mwanasesere. Nimeona iliyotobolewa ikavaliwa shingoni, na iliyotumika kama washa kwenye toroli. Zipo nyingi zilizoliwa ukingo sehemu moja tu, na ukingoni pale zina ungaunga wa kijivu. Hizo zilikuwa zinakwangulia vocha, kila siku, dukani, na muuzaji aliitumia ileile aliyoizoea. Sarafu iliyoungua moto wa jalala hubadilika rangi na kufura malengelenge. Maji ya betri hula herufi zote kwa pamoja, zikawa nyembamba na sarafu ikawa nyepesi. Sarafu hizo zina historia yake, lakini si makosa ya kiwandani, na mtu akikuletea akisema zimetoka hivyo kiwandani, mrudishie kwa heshima.

Halafu kuna herufi zinazoonekana mbilimbili. Hapa naomba utulivu, kwa sababu ujumbe ninaotumiwa kwenye simu karibu wote unahusu jambo hili.

Muhuri wenyewe huzaliwa na muhuri mama, ambao umechongwa sawasawa na sarafu, si kinyume. Muhuri mama unagandamizwa kwenye chuma ili kuacha picha iliyo kinyume. Zamani mgandamizo mmoja haukutosha. Walirudia mara ya pili au zaidi. Kati ya mara ya kwanza na ya pili ukigeuka kidogo tu, muhuri unabaki na picha mbili daima, na kila sarafu itakayopigwa nao itakuwa na picha mbili. Ndivyo ilivyotokea kiwanda cha Philadelphia, Marekani, mwaka 1955 kwenye senti moja yenye sura ya Rais Lincoln. Tarehe na maneno yanaonekana mara mbili hata bila lenzi, kama mtu anayetazama akiwa na machozi. Wakaguzi waliligundua, lakini senti hizo zilikuwa zimeshachanganyika na nyingine nyingi nzuri, wakaamua kuziacha ziende. Zaidi ya 20,000 zikaingia mtaani. Nyingi zilionekana kwa wavutaji sigara: pakiti kwenye mashine ya kuuzia sigara ilikuwa senti 23, mtu anatumbukiza robo dola, na senti mbili za chenji zilikuwa zimefungwa ndani ya karatasi ya pakiti.

Lakini karibu picha zote ninazotumiwa ni mtikisiko wa mashine. Muhuri umelegea kidogo kwenye mashine, umegonga vizuri, kisha wakati wa kuondoka umeburuza. Herufi inapata ngazi pembeni, ngazi bapa, inayong'aa, iliyo chini kuliko herufi. Na tazameni unene. Mtikisiko unakula herufi ili kupata ile ngazi, hivyo herufi inakonda. Muhuri wenye picha mbili unaongeza herufi. Kila moja ina mwili wake mviringo, zote zina kimo kimoja au karibu, na kwenye pembe za herufi, kama mguu wa A au bega la T, unaona pengo dogo lenye umbo la V panapoachana ile ya kwanza na ya pili. Mtikisiko unatokea kila siku katika kila kiwanda, na hauna thamani ya ziada. Najua mtu akiambiwa hivyo anaumia. Nimewaambia wengi, na wengine wamenifungia namba zao.

Kuna kosa la kubadilisha wenzi. Muhuri wa kichwa wa sarafu moja unafungwa na muhuri wa nyuma wa sarafu nyingine. Wakusanyaji wanaiita nyumbu, kwa maana ya mtoto wa punda na farasi. Mwaka 2008 Uingereza ilibadilisha michoro ya sarafu zake. Migongo mipya ilichorwa na kijana aitwaye Matthew Dent, kila sarafu ya peni ikiwa na kipande cha ngao ya kifalme. Kwenye peni 20 ya zamani mwaka ulikuwa mgongoni. Kwenye mpya uliwekwa upande wa Malkia. Siku fulani kiwandani wakafunga uso wa zamani na mgongo mpya, na peni 20 zikatoka bila mwaka popote. Kiwanda chenyewe kilikadiria huenda zinafika 250,000. Mwenye ndugu kule, amwambie atazame peni 20 zenye ngao; kama hakuna mwaka upande wa Malkia, aiweke kando.

Somo la nyumbu linafaa hata kwetu: hutaona kisichokuwepo kama hujui kinachotakiwa kuwepo. Kwa hiyo jambo la kwanza si kununua lenzi. Ni kuweka sarafu moja nzuri, safi, ya kila aina, na kuikariri. Mwaka umekaa wapi? Herufi ya mwisho inaishia mkabala na nini? Ukishika sarafu kwa vidole viwili, juu na chini, ukaigeuza, upande wa pili unasimama wima au umelala? Geuza nzima, geuza inayotiliwa shaka, kwa mkono uleule. Zikitofautiana kwa kiasi kikubwa, muhuri mmoja ulizunguka.

Na kutojua kinachotakiwa kuwepo kunaleta pia kosa la kuita kosa kile ambacho ni halali. Watu wananiletea senti 10 yenye tundu ya Afrika Mashariki ya mwaka 1936 iliyoandikwa jina la Mfalme Edward wa Nane, wakisema mfalme huyo hakuwahi kuvishwa taji, hivyo kiwanda kilikosea. Hakikukosea. Alitawala sehemu kubwa ya mwaka ule na sarafu zikapigwa kwa jina lake kabla hajajiuzulu mwezi Desemba. Wengine wana shilingi 40 ya Kenya ya mwaka 2003 yenye sura ya Rais Kibaki, wakidhani arobaini ni makosa ya ishirini. Ilipigwa kwa miaka 40 ya uhuru. Tunzeni, ni nzuri, lakini si makosa.

Jero ipeni umakini wa pekee, kwa sababu ina alama ya usalama. Upande wa nyati, ukiigeuzageuza kwenye mwanga, ndani ya alama iliyojificha unaona 500, kisha BOT. Ikiwa haina alama hiyo, herufi zimevimba kama sabuni iliyolowa, na mizani inasema ni nyepesi kuliko gramu 9.5 kwa kiasi kinachoonekana, usifurahi kwamba umepata kosa adimu. Huenda umepata sarafu bandia. Ipeleke benki au polisi, na tafadhali usimpe mama wa vitumbua.

Kuhusu pesa nitasema jambo lililonitokea. Mwaka fulani nilitumiwa ujumbe na mtu aliyesema ananunua shilingi za zamani kwa mamilioni. Nilimtumia picha ya ile mia mbili ya simba. Akaniambia ina thamani kubwa sana, kinachotakiwa ni ada ya ukaguzi, shilingi 40,000, nitume kwanza. Nilituma. Ilikuwa ada ya mtoto. Namba ile haikupokelewa tena, na kilichoniuma zaidi kuliko hela ni kwamba alilitumia jambo ninalolipenda kunifungulia mlango. Tangu hapo msimamo wangu ni mmoja: mnunuzi wa kweli hamwombi muuzaji pesa. Na ukweli mwingine, ufa wa muhuri ni jambo la kawaida. Mia mbili yangu ya simba, dukani, bado ni mia mbili. Sarafu zinazopata bei ni chache, na bei inategemea kosa ni kubwa kiasi gani, limethibitishwa na nani, na kuna watu wangapi wanaoitafuta sarafu ya nchi hiyo. Kwa sarafu zetu, watu hao bado ni wachache. Mtu akikuahidi nyumba kwa sababu ya senti 50 ya sungura, kata simu.

Vifaa havigharimu sana. Lenzi ya kukuza mara 10, ile ya fundi saa. Mizani ndogo ya sonara. Sumaku, hata ya spika iliyokufa. Tochi ya simu, lakini iangaze kutoka ubavuni, chini kabisa, karibu sawa na meza, kama jua la saa kumi na mbili jioni. Hapo kila kilichoinuka kinatupa kivuli. Ukiangaza kutoka juu huoni kitu.

Na msioshe sarafu. Nawasihi. Heller ya mama mkwe wangu niliiosha kwa mikono yangu hii, kwa ndimu na majivu, nikitaka ing'ae siku ya kumwonyesha mgeni. Ilikuwa na rangi ya kahawia iliyokolea, rangi ya miaka yote ile. Ndani ya dakika mbili ilikuwa ya njano kama kitasa kipya, na ukiitazama kwa lenzi imejaa vistari vidogo vya majivu, vimezama vyote, vyote vya mkono wangu. Ufa wa Tabora bado upo, namshukuru Mungu. Lakini mama mkwe aliitazama, akanitazama, akairudisha kwenye mkebe bila kusema neno.

Sasa nimeleta sinia lilelile la Mwanza. Lina sarafu 30. Nyingi hazina kitu. Kadhaa zimeumizwa mtaani, mbili nimezimega mwenyewe kwa tupa jikoni, na nne zina kosa la kiwandani, ikiwemo ile yenye mshipa juu ya simba. Heller naishika mimi, mtakuja kuitazama mezani mmojammoja. Lenzi ziko sita, mpeane. Tutaanzia kwenu mlioketi sakafuni, kwa sababu ninyi ndio mlio karibu na mwanga wa mlango. Usiniambie sarafu ina thamani gani. Niambie imeinuka au imezama, na ng'ambo yake umeona nini.